Hack: neno la panga lililoingia kwenye kompyuta

Leo sina programu ya kuwaonyesha, nina neno moja tu: hack.

Mwambie mama yeyote mtaani kwamba wewe ni "hacker", atashika simu yake na kuangalia salio. Kumbe neno lenyewe lilianza na kazi ya panga. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa haccian, yaani kukatakata vipandevipande. Wajerumani wana hacken, Waholanzi hakken, ukoo mmoja. (Ile hack ya mwandishi wa kibarua haihusiani. Hiyo ilitokana na farasi wa kukodi, na jina lao linatoka Hackney, ambayo leo ni sehemu ya London.)

Sasa lilifikaje kwenye tarakilishi? Amini usiamini, kupitia garimoshi la kuchezea! Wanafunzi wa MIT kule Marekani walikuwa na klabu ya reli ndogo tangu 1946, na chini ya meza yao kulijaa nyaya na swichi za simu. Kumbukumbu za mkutano wa Aprili 1955 zinamwomba yeyote anaye-hack mfumo wa umeme auzime kwanza, fyuzi zisiungue. Mwaka 1959 Peter Samson akaliingiza katika kamusi ya klabu. Baadhi yao ndio waliokesha baadaye na kompyuta ya TX-0. Kwao hack ilikuwa sifa: umejikatia njia mwenyewe hadi kitu kikafanya kazi.

Sifa haikudumu. Mwaka 1963 gazeti la wanafunzi hapo hapo MIT liliandika juu ya "hackers" waliochezea laini za simu. Halafu 1983 vijana wa Milwaukee waliojiita 414s wakanaswa wakiingia kompyuta za watu, hata za maabara ya Los Alamos. Mwaka huo huo ikatoka filamu ya WarGames. Basi, kwisha.

Kiswahili kikapokea upande huo tu: mdukuzi. Sipingi sheria yetu ya 2018 inayomwadhibu anayeingia bila ruhusa. Lakini Januari 2008, nchi ikiwaka moto, David Kobia na wenzake walijenga Ushahidi kwa siku chache, na ripoti za ghasia zikaonekana kwenye ramani. Hiyo ni hack ya 1959 kabisa, na nani atathubutu kuiita udukuzi? Mimi ningesema waliungaunga, kama fundi wa jua kali. Mwenye neno bora alilete.