Kutoka Mbao Iliyong'arishwa hadi Plastiki ya Mabaka: Historia ya Rangi kwenye Vitako vya Bunduki

Kwa karne kadhaa kitako cha bunduki, yaani sehemu inayoubeba mtutu na kuegemezwa begani, kilichongwa kwa mbao, hasa ya mti wa walnati, ikasuguliwa kwa mafuta ya kitani mpaka mistari ya mti ikang'aa. Mng'ao huo, uliokuwa fahari ya fundi, ulipingana na elimu ya kujificha iliyoenea mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 mchoraji wa Marekani Abbott Thayer na mwanawe Gerald walichapisha kitabu kuhusu rangi za wanyama, wakaeleza kwamba mgongo wenye rangi nzito na tumbo lenye rangi hafifu hufuta kivuli kinacholipa umbo unene wake, na kwamba mabaka yanayotofautiana sana huukata mwili vipande machoni pa mtazamaji. Mwaka 1915 jeshi la Ufaransa liliunda kikosi cha wachoraji kilichoongozwa na Lucien-Victor Guirand de Scévola, nao wakayatumia maarifa ya aina hiyo kuficha mizinga. Bunduki ya mkononi haikupewa uzito huo, na mdunguaji, yaani askari anayelenga shabaha ya mbali akiwa amejificha, aliendelea kuizungushia yake vipande vya magunia.

Badiliko kubwa lilitokana na malighafi. Mwaka 1959 kampuni ya Remington ilianza kuuza Nylon 66, bunduki ndogo yenye kitako cha nailoni ya DuPont, ambacho rangi yake ilichanganywa ndani ya malighafi yenyewe. Katika vita vya Vietnam, wadunguaji wa Marine wa Marekani walipewa bunduki ya M40 yenye kitako cha mbao, lakini unyevunyevu wa misitu uliivimbisha na kuipinda mbao hiyo hata shabaha ikapotea, ndiyo maana katika miaka ya 1970 toleo la M40A1 likawekewa kitako cha faibaglasi, yaani nyuzi laini za kioo zilizogandishwa kwa resini. Kwa wadunguaji hao, plastiki ilitafutwa ili kulinda shabaha. Uwanja wa kuchorea mabaka ulipatikana kama faida ya ziada.

Uwanja huo, hata hivyo, haukubali rangi kwa urahisi. Kitako kinachotoka kwenye kalibu huwa na utelezi wa mafuta, na baadhi ya plastiki huikataa rangi kwa asili yake, hivyo fundi hukiosha, hukikwaruza kidogo kwa msasa, kisha hupaka praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikamanisha zile zinazofuata. Hapo hupuliza rangi hafifu isiyong'aa, hulaza juu yake majani au wavu, na kupuliza rangi nzito zaidi, ili kila kinapoondolewa kizuizi ibaki alama yake.

Njia ya pili, iliyobuniwa Japani, hutandaza juu ya maji utando mwembamba wa polivinili uliochapishwa picha. Kemikali inayopulizwa huulainisha utando huo na kuacha wino ukielea, kisha kitako huzamishwa taratibu ili wino ukifunike pande zote. Njia hii ilikubaliana vizuri na michoro ya wawindaji, kama ya chapa za Realtree na Mossy Oak zilizoanzishwa Marekani mwaka 1986, ambayo huonyesha magome na majani kwa uhalisi wa picha.

Uhalisi huo unavutia dukani, lakini porini una udhaifu mkubwa: kwa mbali majani madogo huchanganyika yakawa rangi moja nzito, na umbo la bunduki hurudi lilivyokuwa. Kulungu, ambaye hutambua rangi chache kuliko binadamu, huona zaidi tofauti ya mwanga na kivuli kuliko usanii wa jani. Kwa kazi ya kujificha, basi, mabaka mapana machache yaliyopulizwa kwa mkono, yakifuata rangi za nyasi na udongo wa mahali husika, hushinda mchoro wa kiwandani wenye majani mengi.