Mwendeshaji mfupi aanze na kiti kabla ya kugusa springi

BARABARA za milima ya Kisii na Nyamira hazimsamehe mwanabodaboda ambaye miguu yake haifiki chini. Akisimama kwenye mteremko wa Manga, amebeba abiria na mkungu wa ndizi, hushikilia ardhi kwa ncha ya kidole, na pikipiki ikiinama humlemea.

Pikipiki ndogo zilizofurika nchini baada ya ushuru wa VAT kuondolewa mwaka 2008 hazikupimwa kimo cha mnunuzi.

Dawa ya kwanza, tena nafuu, ni kiti. Fundi hupunguza sponji sentimita mbili au tatu bila kugusa springi. Hilo lisipotosha, nguzo mbili za mbele husogezwa juu kidogo katika vishikio vyake, na nyuma hufungwa shokomzoba fupi zaidi. Pande zote mbili zishuke pamoja: nyuma pekee ikishushwa, taa humulika angani na pikipiki huwa nzito kukata kona, mbele pekee, usukani huwa mwepesi kupita kiasi.

Kukata springi ndiko hatari yenyewe. Hubaki fupi na ngumu, na abiria akipanda, gurudumu hugonga madigadi shimoni. Sheria huruhusu abiria mmoja tu, lakini nani asiyewaona wawili?

Stendi ya pembeni pia ifupishwe, la sivyo pikipiki iliyoegeshwa itaanguka. Mwendeshaji akumbuke kwamba bomba la moshi sasa liko karibu zaidi na mawe.