Picha ya usiku ina chenga za rangi? Zisafishe bila kuharibu sura

Umepiga picha kwenye shughuli ya usiku Mbagala au Tandale, taa mbili tu chini ya turubai. Kwenye simu picha inaonekana poa. Ukiikuza, uso wa bibi harusi una vidoti vyekundu, vya kijani na vya bluu. Hizo ni chenga za rangi, na mteja akiziona, hela iliyobaki inakuwa ngumu kutoka.

Zinatoka wapi?

Kwenye kamera nyingi, kila pikseli hupokea rangi moja tu: nyekundu, kijani au bluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, ukapata hataza mwaka 1976. Rangi mbili zilizobaki kamera huzikisia kutoka pikseli za jirani. Mwanga ukiwa mdogo, makisio hukosea, hasa sehemu zenye giza. Ndiyo maana ngozi nyeusi iliyopigwa gizani, halafu ikang'arishwa kwenye programu, huumia zaidi.

Jinsi ya kuziondoa

1. Kwenye Lightroom ya simu, fungua picha, nenda "Detail", tafuta "Color Noise Reduction". Kama unatumia kompyuta, darktable na RawTherapee ni za bure.

2. Kuza uso, vuta alama taratibu, ishia pale vidoti vinapopotea. Kwa picha za RAW, Lightroom huanza yenyewe na 25. Kwa JPEG huanza na 0.

3. Angalia nguo. Ukizidisha, maua madogo ya kitenge na maandishi ya kanga hupauka, au rangi huvujia pembeni.

4. Malizia na "Noise Reduction" ya kawaida, kidogo tu. Jicho letu halishtuki sana rangi zikilainishwa, ila ukilainisha mwanga na kivuli, ngozi inageuka plastiki.

Usiharibu mwishoni

WhatsApp hubana picha. Mtumie mteja kama faili, siyo kama picha ya kawaida, ili kazi yako ifike ilivyo.

Na shughuli ijayo, omba taa isogezwe karibu na uso kabla hujabonyeza. Programu husafisha chenga, lakini haiwezi kurudisha sura ambayo kamera haikuiona.