Ruhusa za Watumiaji kwenye Seva ya Pamoja

Ruhusa za watumiaji ni kanuni zinazoamua nani afungue, abadilishe au afute nini kwenye seva inayotumiwa na wengi. Kwa mfano, huko Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Lodwar nchini Kenya, shule za kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992 zimetumia Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti: mwanafunzi husoma, mwalimu hufuatilia darasa, msimamizi huongeza watumiaji. Mtu akinyimwa ruhusa, hukaguliwa kwanza akaunti aliyoingilia, kisha jukumu alilopewa, halafu mmiliki wa folda. Mara nyingi akaunti inayoendesha programu hushindwa kuandika kwenye folda iliyotengenezwa na msimamizi mkuu. Kufungulia wote kila kitu huficha hitilafu na kuhatarisha data za wanafunzi. Kila mtumiaji apewe ruhusa inayotosha kazi yake tu.