Mkanda, Kibwebwe na Mwisho wa Miiko ya Uongozi

Mwanzoni mwa mwaka ofisi nyingi za umma huwaalika wataalamu wa kile kinachoitwa nidhamu ya fedha. Nimewahi kuhudhuria semina moja ya aina hiyo. Mtoa mada alitutaka tuandike matumizi yetu ya mwezi katika safu mbili, ya lazima na ya anasa, kisha tuifute safu ya pili. Mhudumu mmoja wa ofisi aliandika kwa dakika chache, akanyoosha mkono, akauliza afanye nini ikiwa safu yake ya pili haina kitu. Ukumbi ukacheka. Mtoa mada naye akacheka, akaendelea na mada iliyofuata.

Swali lile halikustahili kicheko. Katika nchi yetu lina historia, na historia hiyo haisomeki katika hotuba za bajeti bali katika madaftari ya jikoni. Ninachotaka kudai hapa ni kwamba kila Serikali ilipobana matumizi, sehemu ya gharama zake ilihamia nyumbani, na nyumbani wapo waliozipokea na kuzitafutia jawabu. Jawabu lao, mwishowe, lilibadilisha siasa ya nchi. Tumezoea kufundishwa kwamba Miiko ya Uongozi ya Azimio la Arusha ilifikia kikomo Zanzibar mwaka 1991. Mimi naamini ilikuwa imekwisha kufa miaka kadhaa kabla, katika mabanda ya kuku.

Tuwe wa haki: ubanaji matumizi wa Tanzania ulianzia juu. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, akatangaza pia kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na miiko yake. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asimiliki nyumba ya kupangisha. Wanafunzi wangu husahau mambo mawili hapa. Kwanza, miiko haikuwahusu mawaziri tu. Iliwafunga hata watumishi wa Serikali wa ngazi ya kati. Pili, Azimio lilimhesabu kiongozi pamoja na mwenzi wake wa ndoa, kwa hiyo alichokatazwa mume, mke naye alikatazwa.

Miiko ya namna hiyo inawezekana pale mshahara mmoja unapotosha kulisha nyumba. Ndicho kilichovunjika. Ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta iliyopanda mwaka 1973 na tena 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kisha Vita ya Kagera: hayo yanajulikana. Vita ilipomalizika, wananchi waliombwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Walioishi wakati huo watakwambia kwamba miezi hiyo haikuisha.

Mama yangu aliweka daftari. Baba alikuwa ofisa wa ngazi ya kati katika shirika moja la umma hapa Dar es Salaam, kwa hiyo miiko ilituhusu. Daftari lile, ambalo sasa ninalo mimi, ni la shule, limeandikwa kwa kalamu ya risasi ili liweze kufutwa na kutumika upya. Kurasa za mwanzo ni orodha ya bei: unga, mchele, mafuta ya kula, sukari, sabuni, mafuta ya taa. Kadiri unavyofunua, bei zinapungua na mahali pake yanakuja majina ya watu na siku. Nani kasema sukari itashuka duka la kaya Alhamisi. Nani tumemkopa kibaba cha mchele. Zamu ya nani kukaa foleni. Sisi watoto tulipelekwa alfajiri kuweka jiwe kwenye mstari, na jiwe liliheshimiwa kama mtu. Jina lako lilipaswa kuwamo kwenye orodha ya balozi wa nyumba kumi, na hata likiwamo, bidhaa huenda isifike. Tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano kutoka Marekani, ambao watu waliusema vibaya na bado wakaupangia foleni.

Mwanauchumi anaweza kuliita daftari hilo kumbukumbu ya uhaba. Mimi naliona kama ushahidi wa mabadiliko ya kazi. Bei rasmi ilikuwa chini, iliyopangwa na Tume ya Bei, lakini gharama halisi ililipwa kwa saa: saa za foleni, saa za kutembea, saa za kubembeleza. Saa hizo hazikuandikwa popote kwenye hesabu za Taifa, na wengi waliozitoa walikuwa wanawake na watoto.

Kisha, katikati ya daftari, inatokea safu mpya yenye kichwa cha neno moja: «Kuku». Vifaranga, pumba, chanjo, mayai yaliyouzwa, mayai yaliyovunjika. Baadaye panaongezeka maandazi. Yeyote aliyekulia mjini miaka ile anaikumbuka miradi. Palikuwa na mabanda nyuma ya nyumba za Serikali, na hata Mlimani wahadhiri walifuga. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa shilingi 600 kwa mwezi mwaka 1981, na 810 mwaka 1984, huku bei za magendo zikikimbia mbele yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mume wajibu wa kumtunza mke kwa chakula, mavazi na malazi. Wajibu ulibaki kwenye sheria. Hela ya matumizi ikatoka kwenye mayai.

Hapa lugha yetu inaona jambo ambalo hotuba hazikuliona. Wanaume waliambiwa wafunge mkanda, yaani wale kidogo na wavumilie. Wanawake walijifunga kibwebwe, na ajifungaye kibwebwe anajiandaa kwa kazi.

Serikali haikuipenda kazi hiyo. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huohuo ikaja Sheria ya Nguvukazi. Sina shaka na uadilifu wa Sokoine, na walanguzi walikuwapo. Lakini operesheni za Nguvukazi ziliwakamata pia wauzaji wadogo wa mitaani na kuwahesabu kuwa wazururaji, wakati wao ndio waliokuwa wakiziba pengo la mshahara. Serikali ilikuwa inapigana na bajeti za nyumbani za watumishi wake yenyewe. Nakumbuka mama akisubiri baba aondoke kwenda kazini ndipo atoe trei za mayai. Si kwamba baba hakujua.

Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Bajeti hiyohiyo iliondoa ruzuku ya unga wa sembe. Maduka yakaanza kujaa, na unga ukapanda bei. Mwaka 1986, Rais Mwinyi akiwa madarakani, yakaja makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikashushwa thamani kwa kiwango kikubwa. Mitaani watu walisema «ruksa» na kupumua. Foleni zilikwisha, kweli. Lakini ada za shule na za matibabu zikarudi hatua kwa hatua, na safu za daftari zikaongezeka tena.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilipokutana Zanzibar ikalegeza miiko, wapo walioliita tukio hilo usaliti. Ninaelewa uchungu wao, kwa kuwa miiko ilikuwa ukuta dhidi ya tamaa ya wakubwa, na ukuta ulipoondoka waliopita kwanza hawakuwa wauza mayai. Ila ni vigumu kumwita msaliti ofisa wa ngazi ya kati ambaye mkewe alikuwa ameuza mayai kwa miaka minane ili mtoto apate viatu. Chama kilichelewa. Kama kingewatofautisha mapema wenye mabanda ya kuku na wenye majumba ya kupangisha, huenda kingebaki na miiko ya kuwazuia hawa wa pili. Kilichofanyika ni kwamba wote waliruhusiwa pamoja, na mabanda yakatumika kuhalalisha majumba.

Baada ya semina ile nilimtafuta yule mhudumu kwenye kituo cha daladala. Nilimuuliza anaishije. Akanitajia genge la mboga la mkewe, pikipiki wanayoimiliki nusu kwa nusu na shemeji yake, na mchezo wa wanawake wanaopeana fedha kila Jumamosi. Nikamuuliza kwa nini hakuyaandika kwenye ile karatasi. Alinitazama kwa mshangao kidogo, akasema karatasi iliuliza mshahara.