Hatifungani za Serikali ya Kenya kama Akiba

Hatifungani ya serikali ni hati ya deni. Mwananchi anaikopesha Hazina Kuu pesa zake, analipwa riba kila baada ya miezi sita, na siku hati inapokomaa anarudishiwa mtaji wote. Nchini Kenya hati hizi huuzwa kwa mnada na Benki Kuu kwa niaba ya Hazina, na kwa miaka mingi wanunuzi wake wakubwa wamekuwa mabenki, kampuni za bima na mifuko ya pensheni. Mtu binafsi huanza na shilingi 50,000, au 100,000 kwa hatifungani za miundombinu, zilizoanza kutolewa mwaka 2009. Kwa mwenye pesa ya ziada ni mahali pazuri pa kuiweka, mradi iwe ya ziada kweli: pesa ambayo hataihitaji kabla hati haijakomaa.

Jaribio kubwa la kuzifikisha kwa mwenye kipato kidogo lilikuwa M-Akiba, iliyozinduliwa Machi 2017. Ilinunuliwa kwa simu ya mkononi, kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka isiyokatwa kodi, na muda wake ulikuwa miaka mitatu. Mgao wa majaribio wa shilingi milioni 150 ulinunuliwa wote. Baadaye mwaka huohuo, katika msimu wa uchaguzi, serikali ilitafuta shilingi bilioni moja ikapata takriban robo yake.

Ukipiga hesabu, huwezi kuwalaumu waliosita. Shilingi 3,000 zilimletea mwenyewe shilingi 150 kila nusu mwaka. Ukame nao ulikuwa umepandisha bei za vyakula, na Mei 2017 mfumko wa bei ukapita asilimia 11. Serikali ililazimika kutoa ruzuku ili pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili iuzwe shilingi 90. Riba ya 10 haiwezi kumfaidi mtu ambaye matumizi yake yanapanda kwa 11. Lakini mwaka 2018 mfumko ulishuka hadi chini ya asilimia 5 na riba ileile ikawa faida halisi. Mgao wa kwanza ulikomaa Aprili 2020, wiki chache baada ya korona kuingia nchini na vibarua kusimama. Hapo ndipo umuhimu wa akiba ya aina hii ulipoonekana: familia kadhaa zilipata mtaji wao wakati kipato kingine kimekauka.

Kununua kwenyewe kumekuwa rahisi. Zamani kufungua akaunti ya dhamana Benki Kuu kulitaka fomu, picha za pasipoti na saini za benki ya mteja. Tangu mwaka 2023 kazi hiyo hufanywa kwa mfumo wa kidijitali uitwao DhowCSD. Mnunuzi mdogo hahitaji kutaja kiwango cha riba anachotaka. Akiomba bila ushindani, hupewa wastani uliopatikana mnadani. Februari 2024, Hazina ilipokuwa ikihitaji shilingi kwa wingi huku deni la Eurobond la dola bilioni 2 likikaribia kulipwa, hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu ilitoka kwa riba ya asilimia 18.46. Serikali iliomba bilioni 70. Maombi yakazidi bilioni 288. Baadaye mwaka huo riba zilianza kushuka, na aliyenunua Februari akabaki na kiwango ambacho wenzake hawakukipata tena.

Mambo yangeweza kwenda kinyume, na hapa ndipo wengi huumia. Tuseme mtu ana hatifungani ya shilingi 100,000 yenye riba ya asilimia 12, imebakiza miaka kumi. Mtoto anaugua, anataka kuiuza. Ikiwa hati mpya sokoni zinalipa asilimia 16, hakuna atakayemlipa 100,000; bei itakuwa kama 80,000. Serikali haijavunja ahadi yoyote. Ni yeye aliyeifunga pesa ya matibabu kwa miaka kumi. Katika hali hiyo baadhi ya mabenki hukubali hatifungani kama dhamana ya mkopo, na mara nyingi hilo ni afadhali kuliko kuiuza kwa hasara.

Kodi nayo ihesabiwe kabla ya kulinganisha. Riba ya hatifungani ya chini ya miaka kumi imekuwa ikikatwa asilimia 15, ya miaka kumi na zaidi asilimia 10, na ya miundombinu haikatwi kitu. Hivyo riba ya shilingi 12,000 kwa hati ya miaka kumi na mitano humfikia mwenyewe ikiwa 10,800.

Kuhusu usalama, si kweli kwamba serikali haiwezi kushindwa kulipa deni la sarafu yake yenyewe. Desemba 2022 Ghana ilitangaza mpango wa kubadilisha hatifungani zake za ndani kwa nyingine za riba ndogo na muda mrefu zaidi. Februari 2023 wastaafu walikaa nje ya wizara ya fedha mjini Accra wakidai pesa zao, na aliyekuwa Jaji Mkuu, Sophia Akuffo, akajiunga nao. Hatimaye wastaafu hao waliachwa nje ya mpango huo, lakini baada ya hofu ambayo hakuna mzee anayestahili. Kenya haijafika huko. Hata hivyo, aliyeweka kiinua mgongo chake chote katika hati za serikali moja anabeba hatari ambayo riba nzuri haiifuti.

Kwa pesa yenye tarehe ya karibu, kama karo ya Januari ijayo, kuna dhamana za muda mfupi za siku 91, 182 na 364. Hizi hazilipi riba ya kila nusu mwaka: mnunuzi hulipa pungufu ya thamani iliyoandikwa, kisha akapokea thamani kamili siku ya kukomaa. Pesa ya dharura, ile ya kukimbilia hospitali usiku, ikae benki au kwenye simu, hata kama riba yake ni ndogo.