Chujio la Chai na Star Trek: Waliotengeneza Vifaa vya Angani Waliishia Wapi?

Mwaka juzi nilitupia picha ya kitu nilichonacho tangu nikiwa darasa la tano. Ni kiboksi cheusi, saizi ya kiganja. Kifuniko chake ni chujio la chai lililonyooshwa likawa bapa, unalibinua kwa dole gumba linafunguka juu. Chini kina kitufe cha sauti kilichong'olewa kwenye redio ya National, na pembeni kina kitaa kimoja chekundu ambacho hakiwaki tena. Mtu aliyekulia kwenye sizoni za anga anakijua mara moja: ni kile kisimu cha kukunja cha Kapteni Kirk wa Star Trek.

Kesho yake jamaa mmoja kutoka Ujerumani akanifuata inbox. Yeye ni mkusanyaji, ana kabati zima la nakala za vifaa vya sizoni. Aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza, unauza? Nikamjibu fasta, hakiuzwi. La pili, nani alikitengeneza? Hapo nikakaa na simu mkononi kama dakika kumi. Sina jibu. Aliyekitengeneza alikuwa fundi redio wa Mji Mpya, hapa Morogoro, na mtaa mzima tulimwita Fundi. Basi. Hilo ndilo jina lote nililokuwa nalo.

Swali hilo lilininyima usingizi, nikaanza kuchimba. Nilichokikuta ni kwamba hata kule Hollywood na London, vifaa ambavyo leo watu wanagombania kwenye minada vilitoka mikononi mwa watu ambao majina yao hayakuonekana kwenye kioo. Twende nayo taratibu.

Wadogo zangu wa 2000 mnisamehe, lazima niwarudishe nyuma. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo vituo kama ITV vikaanza kurusha matangazo. Kwa hiyo kwa kizazi chetu na kaka zetu, dunia ya nje ilikuja kwa mkanda wa VHS. Unalipa kiingilio kwenye kibanda, unabanana kwenye benchi, na kama una bahati mkanda ni wa Lufufu, anakutafsiria kila kitu kwa Kiswahili na kuongeza na ya kwake. Star Trek mimi niliikuta kwa jirani, kanda mbili zilizochoka, picha inatetemeka, bila mtafsiri. Kiingereza sikukijua. Nilichokielewa ni kwamba kuna mtu anafungua kiboksi, anaongea, na chombo kilichoko juu mawinguni kinamsikia.

Sasa kama unaishi Moro, mambo ya juu mawinguni siyo mageni. Ukitoka nje usiku unaiangalia Uluguru, kule Bondwa, zaidi ya mita 2,000 juu, kuna minara ya mawasiliano na taa zake nyekundu. Sisi watoto tulishakubaliana kwamba pale kuna wenyewe. Kilichobaki ni kupata kifaa cha kuongea nao.

Magari ya waya tulikuwa tunatengeneza wenyewe, matairi ya kandambili zilizokufa. Tukiamua kuwa leo ni chombo cha anga, tunaongeza mabawa ya bati la kopo na maisha yanaendelea. Ila kisimu cha kukunja kilitushinda. Ndipo nikaenda kwa Fundi na karatasi ya daftari niliyochora. Fundi hakuwa ameiona hiyo sizoni, na sidhani kama aliiona mpaka anafariki. Aliigeuza ile karatasi huku na huku, akaniuliza, "Hii inafungukia juu au pembeni?" Nikamwambia juu. Akasema rudi Jumamosi, uje na chujio. Chujio nilikoliiba mnakujua, na viboko nilivyokula ni habari nyingine.

Haya, tuhamie Marekani, 1966. Star Trek ndiyo inaanza, bajeti yenyewe ya kuungaunga. Kipindi cha kwanza kurushwa, tarehe 8 Septemba mwaka huo, kilikuwa na kiumbe anayenyonya chumvi ya miili ya watu. Stori ikahitaji vichupa vya chumvi vya mezani. Mtu wa vifaa akaenda kununua vya kisasa vyenye maumbo ya ajabu ajabu. Wakubwa wakaona hapana, mtazamaji hatajua kuwa hiki ni kichupa cha chumvi. Wakatumia vya kawaida. Vile vya ajabu havikutupwa, vilipelekwa kwa Daktari McCoy vikawa vifaa vyake vya kupimia wagonjwa. Yaani miaka yote ile daktari wa karne ya 23 alikuwa anatibu watu kwa vichupa vya chumvi.

Na kile kisimu chenyewe? Kilitengenezwa na Wah Chang, Mmarekani mwenye asili ya China, mtu aliyewahi kuugua polio, fundi wa mikono hatari sana. Ndiye pia aliyetengeneza kile kiboksi cha kupimia mazingira wanachovaa begani. Kwenye visimu vichache vya kupigia picha za karibu, ile duara inayozunguka ndani ilisukumwa na mashine ya saa ya kupimia mbio. Teknolojia ya karne ya 23, injini yake saa ya mwalimu wa michezo! Lakini Wah Chang hakuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa studio, kwa hiyo kazi yake ikapitishwa kimyakimya na jina lake halikuandikwa mwishoni mwa kipindi. Watu wakavitazama vitu vyake nyumbani kwao bila kujua ni vya nani.

Uingereza nako ni yaleyale. Desemba 1963 BBC walionyesha kwa mara ya kwanza Dalek, yale madude ya chuma ya Doctor Who. Aliyeyachora ni Raymond Cusick, mwajiriwa wa kawaida. Mkono mmoja wa Dalek, ukiuangalia vizuri, ni kile kipira chenye mpini cha kuzibulia sinki. Siyo utani, ni chenyewe. Madalek yakapendwa kupita kiasi, midoli ikauzwa madukani, mwandishi wa stori akatajirika. Cusick, kwa kuwa alikuwa analipwa mshahara, aliishia kupewa zawadi ya pauni 100 na beji ya kipindi cha watoto.

Sasa wakusanyaji wanaingiaje hapa? Hiki ndicho kipande ninachokipenda mimi. Star Trek ilifutwa 1969, ila mashabiki wakagoma kuizika. Januari 1972 wakafanya mkutano mkubwa New York. Na kwa kuwa hakuna duka lililouza vifaa vya kueleweka, wakaanza kujitengenezea. San Diego kulikuwa na klabu ya vijana waliokuwa wakiunda vifaa vyao kwa mikono. Baba wa binti mmoja wa klabu ile, mchoraji wa mambo ya ndege, akaviangalia akaona vipimo viko hovyo. Akakaa chini na vipande vya filamu ya sizoni yenyewe, akapima na kuchora upya kila kitu. Mwaka 1975 michoro yake ikatoka kama kitabu kwa jina la Franz Joseph, na kikauzwa kama njugu. Unaona mchezo? Mtu mzima anageuza picha huku na huku akijiuliza hiki kitu kinafungukia wapi. Niliposoma hapo nilimkumbuka Fundi mpaka nikacheka peke yangu.

Na ni hao hao wenye kichaa cha vipimo waliouliza maswali ambayo studio hazikuuliza. Ukitaka kuunda nakala sahihi ya kisimu cha Kirk, lazima ujue cha kwanza kiliundwaje, kwa malighafi gani, na nani. Jina la Wah Chang limeandikwa na kuandikwa tena kwa sababu ya wabishi wa namna hiyo. Studio wenyewe walikuwa wazembe. Kielelezo kidogo cha chombo cha Enterprise, cha urefu wa kama futi tatu, kilipotea mwishoni mwa miaka ya 1970 na kikaja kuonekana 2023 kikiwa kinauzwa mtandaoni kama kitu cha kawaida tu. Kikarudishwa kwa familia ya Gene Roddenberry, muasisi wa sizoni, mwaka 2024. Wakati huohuo, kwenye mnada wa Christie's wa 2006, kielelezo cha Enterprise ya sizoni iliyofuata kilikuwa kimeshauzwa dola 576,000. Piga hesabu mwenyewe.

Kabla hujasema hayo ni ya wazungu, panda basi hadi Kampala. Pale mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alianzisha studio yake 2005, dunia inaiita Wakaliwood. Filamu yake ya Who Killed Captain Alex?, iliyopigwa 2010, inasemekana iligharimu chini ya dola 200. Bunduki zote mle ni vyuma chakavu vilivyokatwa na kuchomelewa, na fundi wake anajulikana kwa jina: Dauda Bissaso. Uzuri wa Wakaliwood ni kwamba hawamfichi fundi. Wanamwonyesha, wanaonyesha na karakana, na karakana imekuwa sehemu ya burudani. Kinachouma ni kwamba Nabwana alilazimika kufuta mafaili ya awali ya Captain Alex kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kupigia filamu nyingine. Tunayoiangalia leo ni nakala iliyosalia, na VJ Emmie akipiga kelele juu yake.

Nairobi yuko Cyrus Kabiru, yule wa miwani ya vyuma na waya inayomfanya mvaaji aonekane katoka sayari nyingine. Utotoni baba yake alimwambia, ukitaka miwani tengeneza yako. Akatengeneza, na hajaacha. Wanuri Kahiu naye na Pumzi yake ya 2009, dunia isiyo na maji ambapo jasho linachujwa likanywewe tena. Hao wanastahili makala yao, leo nawapita tu.

Nirudi kwenye kabati. 2016 kampuni ya Uingereza, The Wand Company, ilitoa kisimu cha Kirk kinachounganishwa na simu yako kwa bluetooth, vipimo vimechukuliwa kwa mashine kutoka kwenye kile halisi cha sizoni. Mwanangu mmoja anayeishi Muscat aliniletea kama zawadi. Kizuri balaa, kinang'aa, kinapokea simu kabisa. Nikakiweka mezani pembeni ya kile cha Fundi. Mjomba wangu alipokuja akakishika cha chujio, akanambia, "Hiki ndicho original, hicho kingine cha Kichina." Nilikata tamaa ya kumwelewesha.

Lakini alikuwa na pointi. Wakusanyaji wakinunua nakala mpya, wengi hawaiachi ilivyo. Wanaifungua, wanabadilisha vitufe, halafu wanaichakaza makusudi. Wanapaka rangi ya fedha chini na nyeusi juu, kisha wanapitisha msasa laini kwenye kona na pale vidole vinapogusa, fedha inachungulia kama chuma kilichotumika. Anamalizia na rangi nyeusi iliyokorogwa maji mengi, anaipaka yote, anaifuta kabla haijakauka, uchafu unabaki kwenye mifereji. Kosa la wanaoanza ni kuchakaza kila mahali sawasawa. Kitu halisi hakichakai hivyo, kinachakaa pale kinaposhikwa. Cha Fundi hakikuhitaji haya yote. Kitufe kilishasagwa na vidole vya mwenye redio kwa miaka, huenda akitafuta matokeo ya mpira, na plastiki ya boksi ilishapigwa na jua la dirishani kwa mtu.

Ndiyo maana huwa nakereka mtu akisema vitu kama hivi ni feki. Feki ya nini? Ya saa ya mwalimu wa michezo? Ya kipira cha kuzibulia sinki? Walioanza waliokota walichokuwa nacho mezani, na Fundi naye akaokota alichokuwa nacho mezani. Mjerumani aliielewa hiyo haraka kuliko ndugu zangu, kwani hakuniuliza kama ni halisi, aliuliza nani.

Nilikwenda Mji Mpya mwezi uliopita. Pale palipokuwa na kibanda pana duka la vifaa vya simu, kijana wa pale kazaliwa baada ya Fundi kuondoka. Mama mmoja anayeuza vitumbua jirani akasema alitokea upande wa Matombo, mwingine akabisha akasema Mgeta. Jina hakuna anayelikumbuka. Niligeuza kile kiboksi nikafungua skrubu za nyuma kwa mara ya kwanza maishani, nikitegemea labda aliandika chochote ndani. Kuna alama ya kalamu ya risasi tu, mshale unaoelekea juu, na neno "juu".

Kwa hiyo nawaomba wana Moro. Kama mzazi wako alitengenezewa redio Mji Mpya miaka ya tisini, kwa fundi mrefu, mwembamba, aliyekuwa na kofia ya kufuma na stuli ya mguu mmoja uliofungwa waya, muulize leo jioni alikuwa anaitwa nani. Ukilipata, niachie hapo chini. Jamaa wa Ujerumani bado anasubiri jibu, na mimi pia.